Barua ya wazi kwa waandaaji wa filamu za makala na mihadhara ya sera za dunia

Kwa wakurugenzi wa vituo vya utamaduni, wakuu wa vyuo vikuu, na maofisa wa balozi na mashirika ya kimataifa mnaoandaa maonyesho ya filamu za makala na mihadhara ya wataalamu katika miji yetu. Nakala kwa bodi za filamu na kwa wakurugenzi wa halmashauri za mwambao wa Ziwa Victoria.

YAH: FILAMU ZINAZOTUHUSU ZIANZE KUONYESHWA KWETU, KWA KISWAHILI

Waheshimiwa,

Salaam. Naandika kuwaomba jambo moja. Kila mnapopanga kuonyesha filamu inayohusu maisha ya watu wa ukanda huu, na kumwalika mtaalamu aeleze sera za dunia zinazoyagusa maisha hayo, onyesho la kwanza lifanyike kwa watu wenyewe, kwa Kiswahili, na mtaalamu huyo awepo kujibu maswali yao. Ukumbi wa mjini ufuate baadaye. Mimi ni mkazi wa Mwanza, kazi yangu ni tafsiri, na nimehudhuria maonyesho ya kutosha kujua kwamba mpangilio wa sasa ni kinyume cha huo.

Kazi mnayoifanya naithamini. Katika kumbi zenu, bila kiingilio, vijana wa vyuo wameona filamu ambazo hakuna televisheni yetu ingezinunua, wakamsikia mchumi akichambua deni la taifa na mwanasheria akisoma mikataba ya madini kifungu kwa kifungu. Mtu hutoka pale akijua jambo ambalo asubuhi yake hakulijua. Ndiyo maana naumia kuona faida hiyo ikiishia kwa watu walewale, wanaofahamiana kwa sura, ambao wengi wao hawavui, hawachimbi na hawalimi.

Tazameni filamu zenyewe zilivyotengenezwa. Mvuvi anapoongea Kiswahili, chini ya picha yanatokea maandishi ya Kiingereza ili mtazamaji wa mbali amwelewe. Anapoongea mtaalamu wa Brussels, au msimulizi anapoeleza chanzo cha tatizo, hautokei hata mstari mmoja wa Kiswahili. Mvuvi ametafsiriwa kwa dunia, lakini dunia haikutafsiriwa kwa mvuvi. Siku akiiona filamu hiyo ataelewa ile sehemu aliyoisema yeye tu, na hiyo alikuwa anaijua tangu mwanzo. Nimeliona hili mara nyingi mno kuamini kwamba ni usahaulifu. Mtengenezaji alishaamua ni nani atakayekaa kwenye kiti kutazama, na mvuvi hakuwamo.

Sisi wa Mwanza tunajua gharama yake. Mwaka 2004 mtengenezaji filamu kutoka Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa kwetu. Habari yake ni sangara. Samaki huyu si wa asili wa ziwa hili; kupandikizwa kwake kulianza miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi na kuwatafuna furu, wale samaki wadogo ambao aina zao zilihesabika kwa mamia. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri Mwanza. Minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, na kichwa, mgongo na mkia vikabaki kwetu kwa jina la mapanki. Wenzetu wa Kenya wanayaita mgongo wazi. Filamu ilionyesha hayo, ikaonyesha umaskini wa watoto wa mitaani na wanawake waliokuwa karibu na marubani wa ndege za mizigo, ikadokeza kwamba ndege hizo huja na silaha za vita vya Afrika na kuondoka na samaki.

Ulaya filamu ilipokelewa kwa kishindo. Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya César nchini Ufaransa. Watu walitoka kumbini wakiwa na hasira, na wapo walioitisha kususia minofu ya sangara. Huku kwetu, mwaka 2006, Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba imeichafua nchi, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Wengi wetu tulikuwa hatujaiona. Tulikuwa tunaipinga au kuitetea kwa kusimuliwa. Ugomvi ukaendelea mbali zaidi: mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, aliikosoa vikali, Sauper akamshitaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi.

Moja ya mambo yaliyobishaniwa ni mapanki. Je, ni chakula cha watu au cha mifugo? Swali hilo lilizungumzwa na viongozi, magazeti na wasomi wa nchi mbili, wakati jibu lake lilikuwa linakaangwa kila siku kando ya barabara. Mama yeyote aliyewahi kununua mapanki kiwandani angewaeleza kwamba yapo yanayoliwa na watu na yapo yanayosagwa kuwa chakula cha kuku. Angewaeleza pia bei ya kila aina, jinsi ya kuyatambua yaliyoanza kuharibika, na nani anayempangia foleni. Huyo ndiye mtaalamu wa mapanki. Hakuitwa kwenye jopo lolote.

Sasa fikirini filamu ile ingeonyeshwa kwanza Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, kwa Kiswahili, na mwenye filamu amesimama mbele. Wapakiaji mizigo wa uwanja wa ndege wangesema walichowahi kupakua na ambacho hawajawahi kukiona. Wafanyakazi wa viwandani wangezungumzia mshahara na baridi ya vyumba vya minofu. Mvuvi angeuliza kwa nini kamera haikufika kwa tajiri mwenye mitumbwi na injini, ambaye ndiye anayemkopesha na kumpangia bei. Serikali ingepata hoja za kujibu nazo badala ya lawama tupu. Mwenye filamu naye angelazimika kuthibitisha madai yake mbele ya watu wanaoweza kumkanusha kwa majina na tarehe, na kama sehemu zake za kweli zilikuwa na nguvu, zingetetewa na wenyeji wenyewe. Badala yake mazungumzo mazuri yakafanyika Paris, na sisi tukabaki na maandamano.

Kuhusu kususia samaki, watu wa ziwa hili walikuwa na la kuwafundisha Wazungu wale. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia sokoni kwake zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, kisha kwa taarifa za watu kuvua kwa sumu. Bei mialoni, yaani kwenye fukwe za kushushia samaki, ilianguka, viwanda vikapunguza watu. Aliyeumia kwanza ni yule aliyekuwa ameshakopa nyavu. Lakini zuio hilohilo liliwalazimisha wenye viwanda na serikali zetu kujenga maabara, kurekebisha mialo na kuleta ukaguzi ambao hapo kabla haukuwapo. Kwa hiyo swali la kususia lina pande mbili, na zote mbili zilikuwa zinajulikana mwaloni kwa uzoefu. Kijana wa Ulaya aliyetoka kwenye filamu akitaka kufanya jambo jema angefaidika sana kulisikia hilo kabla hajaamua asile nini.

Nije kwenye mihadhara. Nilihudhuria mmoja mjini ambapo mtoa mada alieleza kwa kirefu mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku za uvuvi, uliopitishwa Geneva Juni 2022 na kuanza kutumika Septemba 2025. Alieleza vizuri: unazuia serikali kutoa ruzuku kwa meli zinazovua kinyume cha sheria, kwa uvuvi wa samaki ambao wameshavuliwa kupita kiasi, na kwa uvuvi wa bahari kuu usiosimamiwa na chombo chochote. Watu waliandika, wakapiga makofi. Kilichokosekana ni sentensi moja ambayo mvuvi wa Ukerewe angeitafuta tangu dakika ya kwanza: mkataba huo ni wa uvuvi wa baharini. Ziwani hauhusiki. Kwa mvuvi wa Kilwa au Mafia, ambaye bahari yake inafikiwa na meli za mataifa tajiri, mkataba huo una uzito mkubwa na anastahili kuelezwa kila kifungu. Kwa mvuvi wa Ukerewe, chombo kinachomgusa ni kingine: Miongozo ya Hiari ya mwaka 2014 kuhusu wavuvi wadogo, iliyotolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo inahusu bahari na maji ya bara pia, na ambayo inasema waziwazi kwamba wavuvi, wachakataji na wachuuzi, wanawake wakiwemo, washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu kabla hayajafanyika.

Mhadhara huo ulifanyika Mwanza, mji ulioko kando ya ziwa, na Miongozo haikutajwa. Sidhani mtoa mada alikuwa na nia mbaya. Alikuwa msomi makini na mada yake ilikuwa sahihi. Ila hakuwapo mvuvi hata mmoja wa kumwuliza, "Mzee, na sisi wa maji baridi?" Swali hilo moja lingeugeuza mhadhara wote. Nyinyi mnaoandaa mnafikiri mtaalamu ndiye anayewapa watu kitu. Mimi naamini kwamba mtaalamu pia hunolewa na maswali, na kwamba maswali makali yako kwa watu ambao mkosi wa sera unawafikia mlangoni.

Chukueni mfano wa Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu ziwani. Nyavu ziliteketezwa kwa moto, mitumbwi ikakamatwa, faini zikatozwa kwa wavuvi, wachuuzi, hata kwa waliokutwa na samaki nyumbani. Wapo waliosema ziwa lilihitaji mkono mzito, kwa sababu makokoro na nyavu za macho madogo zilikuwa zinamaliza mazalia, na mimi nakubali kwamba ziwa lilikuwa hatarini. Wapo waliofilisika bila kuelewa kosa lao lilikuwa nini hasa. Sheria ya kutovua sangara wa chini ya sentimita 50 haikushushwa kutoka mbinguni. Ina sababu za kisayansi kuhusu umri wa samaki kuzaa, ina historia ya makubaliano ya nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, kupitia Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria yenye makao Jinja, Uganda, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, na ina mkono wa soko la nje linalotaka samaki wa ukubwa fulani. Mtafiti wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, anaweza kulieleza hilo kwa saa moja akieleweka. Filamu nzuri ingeweza kulionyesha kwa dakika ishirini. Lakini filamu na watafiti walikuwa kwenye kumbi za mjini, na mwaloni alifika askari.

Yapo pia mabondo. Kile kifuko cha hewa cha sangara, ambacho zamani kilikuwa kitu cha kutupa, leo kilo yake ina thamani kuliko minofu mara nyingi, na safari yake inaishia Hong Kong na China. Biashara hiyo imebadilisha nani anafuata samaki gani, imeleta wanunuzi wapya, imeongeza wizi. Ni suala la sera za dunia lililokaa mkononi mwa mvuvi, limelowa maji. Kama yuko kati yenu anayetafuta mada ya onyesho lijalo, ni hiyo. Msianze na maprofesa. Anzeni na wapasua samaki.

Ninachoomba si kigeni hapa kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri milimani Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza uliolipiwa na mfuko wa Carnegie wa New York, wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Filamu zilipakiwa kwenye lori na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yake yalitolewa kwa lugha za wenyeji kupitia santuri na vipaza sauti. Wakoloni wale walitudharau, filamu zao zilimwona Mwafrika kama mtoto wa kuelekezwa, na hakuna aliyetegemewa kuwajibu. Hata hivyo walielewa kwamba mwenye ujumbe humfuata msikilizaji na kusema lugha yake. Inanisikitisha kwamba baada ya karibu miaka tisini, wenye nia njema wanatoa huduma finyu kuliko ile ya watawala.

Lakini mfano wangu hasa ni wa baada ya uhuru, nao ni mkubwa. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Kabla yake kulikuwa na Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971. Baada yake ikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975. Mtu ni Afya ilidumu wiki 12. Watu walikutana kila wiki kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma au kusomewa kijitabu cha Kiswahili chepesi, kisha wakajadiliana: hapa kijijini kwetu malaria inatokana na nini, choo chetu kiko wapi, maji tunachota wapi. Mwisho wa kikao kikundi kiliamua kitafanya nini kabla ya wiki ijayo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa, na watu waliofikiwa walikuwa karibu milioni 2. Vyoo vilichimbwa. Madimbwi yalifukiwa. Wazee wetu waliokuwamo wanakumbuka hadi leo nyimbo za vipindi vile.

Ninaitaja kampeni hiyo kwa sababu ya mpangilio wake. Mtaalamu alikuwapo, ndani ya redio na ndani ya kijitabu, na alisema kwa lugha safi isiyoficha kitu. Lakini hakuchukua kikao chote. Nusu kubwa ya muda ilikuwa ya watu, na kikao hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha mpaka uamuzi upatikane. Linganisheni na ratiba zenu: filamu dakika tisini, jopo dakika sitini, maswali "matatu tu kwa sababu ya muda", kisha picha ya pamoja. Kama muda ni mfupi, punguzeni jopo. Maswali yaachwe yamalizike.

Hata leo wapo wanaofanya vizuri, na ningependa mkawaulize. Katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, shirika la FilmAid limekuwa likionyesha filamu kwa wakimbizi tangu mwaka 2001, nje, usiku, kwenye skrini iliyofungwa juu ya lori, na wakimbizi wenyewe wamefundishwa kutengeneza filamu zao. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, lilijiwekea utaratibu wa kupeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba badala ya kubaki Ngome Kongwe peke yake. Na yuko Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, aliyepewa kamera akarekodi mwenyewe kwa miaka jinsi ukame na mafuriko vilivyoiumiza familia yake. Filamu aliyoshiriki kuitengeneza na Julia Dahr wa Norway, Thank You for the Rain, ilitoka mwaka 2017, na ndani yake anaonekana akienda kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris mwaka 2015 kusema yaliyowapata. Pale mhusika na mtaalamu ni mtu mmoja.

Najua mtauliza namna ya kutekeleza. Maandishi chini ya picha hayatoshi. Usiku, kwenye uwanja wa wazi, watu wamesimama, wengine wasoma polepole na wengine hawajui kusoma, maandishi hupotea. Ukanda huu tayari una jibu, na limetoka kwenye mabanda ya video. Kizazi kizima cha Watanzania kiliangalia sinema za nje kupitia sauti ya Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, aliyekuwa akisimulia juu ya picha, akifafanua, akiongeza. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda. Hawa ni mafundi wa kweli. Mnaweza kukaa na msimulizi kwa siku chache pamoja na mtaalamu, mkamweleza kila dai la filamu na kila takwimu ili asiongeze chumvi palipo na jambo zito, kisha akaisimulia hadharani. Mlipeni kama mnavyomlipa mtoa mada, kwa sababu bila yeye mtoa mada haeleweki.

Ratiba nazo zitazame ziwa. Mnapenda kufanya maonyesho tarehe 5 Juni kwa sababu ni Siku ya Mazingira Duniani, au tarehe 21 Novemba kwa sababu ni Siku ya Uvuvi. Mvuvi wa dagaa hafuati kalenda hiyo. Yeye huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukipevuka taa hazivuti dagaa, kwa hiyo hubaki nchi kavu. Siku hizo za mbalamwezi ndizo mtakazomkuta ametulia, ana muda wa kusikiliza na kubishana hadi saa nne usiku. Wanawake wanaoanika dagaa wana kazi jua linapowaka na wanapika jioni. Waulizeni wao saa inayowafaa, na msishangae wakisema kikao chao kiwe peke yake, kwa sababu yapo mambo ya mialoni ambayo mwanamke hawezi kuyasema mbele ya tajiri wa mtumbwi anayemuuzia samaki.

Haki za kuonyesha filamu ni kikwazo cha kweli, nimekiona. Mwenye filamu ameuza haki kwa televisheni au jukwaa la mtandaoni, na ruhusa ya kuionyesha kijijini inachukua miezi. Hapa ndipo mashirika yenye fedha yana nguvu kuliko mnavyojidhania. Mnapochangia utengenezaji wa filamu, wekeni sharti kwenye mkataba tangu siku ya kwanza: iwepo nakala ya Kiswahili, na maonyesho ya bure kwa jamii iliyopigwa picha yaruhusiwe bila kuomba tena. Mtu aliyefungua mlango wake kamera ikaingia hadi jikoni ana haki hiyo.

Kwenu bodi za filamu, nina neno tofauti. Sheria zinawapa mamlaka ya kupitisha filamu kabla haijaonyeshwa hadharani, na mara nyingi hofu yenu ni sura ya nchi. Nawaomba mkumbuke yaliyotokea Kongo. Septemba 2015 serikali ya Kinshasa ilizuia filamu ya Thierry Michel kuhusu Daktari Denis Mukwege wa Bukavu na wanawake waliobakwa vitani Kivu. Zuio likazaa habari dunia nzima, na mwezi uliofuata likaondolewa. Mukwege alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wanawake waliozungumza ndani ya filamu ile, wengi wao kwa Kiswahili, walikuwa na haki ya kuiona na kuisikia nchi yao ikiwasikiliza. Filamu yenye kosa hujibiwa vizuri zaidi na watu wanaolijua jambo, wakiwa wameiona. Kama mna shaka na dai fulani, mwagizeni mwandaaji amlete mtaalamu wa upande wa pili awepo siku ya onyesho. Na ada ya kibali kwa onyesho la bure la kijijini, naomba iondolewe kabisa.

Wakurugenzi wa halmashauri, mna maofisa uvuvi, mna vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, kila mwaloni, mna viwanja. Kinachotakiwa kwenu ni barua ya ruhusa inayotoka kwa wakati, na kutowageuza watu kuwa wasikilizaji wa hotuba ya mgeni rasmi kwa saa nzima kabla filamu haijaanza.

Na wafadhili: acheni kuhesabu vichwa pekee. Fomu zenu zinauliza wangapi walihudhuria, wanawake wangapi, vijana wangapi. Hakuna sehemu inayouliza watu walisema nini wala mtaalamu alishindwa kujibu nini. Ongezeni sehemu hizo mbili. Halafu yale yaliyosemwa yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yapelekwe Jinja, wizarani, Rome kwa FAO, na nakala irudi mwaloni ikiwa na majina ya ofisi zilizopokea. Mwaka 2022 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya kazi ya Umoja wa Afrika na pia lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi ofisi hizo hazina sababu ya kukataa maandishi ya mvuvi eti kwa kuwa yameandikwa kwa lugha yake.

Nawaomba mnijibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, mkitaja filamu moja mliyonayo kwenye ratiba ya mwaka huu, mwaloni mmoja mtakaouanzia, na jina la mtaalamu atakayekuja. Niko tayari kufanya tafsiri ya filamu hiyo ya kwanza bila malipo, na kukaa na msimulizi hadi atakapoimudu. Majibu yenu yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa BMU, yanapobandikwa matangazo ya faini na bei, ili kila mmoja ayasome.

Wasalaam,

Mfasiri, mkazi wa Mwanza